Gango la Sikio Baada ya Upasuaji: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kuvuka Bahari

Upasuaji wa kurekebisha sikio haumaliziki siku nyuzi zinapotolewa, kwa kuwa jeraha la ngozi, likiachwa lipone lenyewe, hupona kwa kujivuta, na sikio, ambalo umbo lake lote limesimama juu ya gegedu jembamba lililofunikwa na ngozi nyepesi, halina nguvu ya kushindana na mvuto huo. Mikunjo iliyochongwa na daktari kwa saa kadhaa inaweza kujaa maji na damu ndani ya siku chache, nafasi iliyofunguliwa nyuma ya sikio inaweza kuziba ndani ya wiki chache, na kovu lililokatwa linaweza kuota tena ndani ya miezi michache. Kifaa kinachowekwa ili kuzuia hayo ni gango, ambalo hospitalini wengi hulitaja kwa jina la splinti, yaani kipande cha plastiki, akriliki au silikoni kilichofinyangwa kwa kufuata sikio la mgonjwa mmoja tu, kikalishikilia katika umbo lililokusudiwa, au kikabana kovu kwa nguvu ya kiasi, mpaka ngozi ikomae. Kwa mgonjwa wa Pemba, ambaye upasuaji wa aina hii kwa kawaida humpeleka kwa rufaa Mnazi Mmoja, Unguja, au Muhimbili, Dar es Salaam, gango linapaswa kupangwa kabla ya upasuaji wenyewe, na ubora wake upimwe kwanza kwa swali moja: ni nani atakayelirekebisha likishaacha kukaa sawasawa, na je, mtu huyo anapatikana bila kupanda boti?

Sababu ya upasuaji wa sikio iliyo karibu zaidi na maisha ya kila siku ya kisiwani ni kovu linalotokana na kutoga. Mwambao mzima una mapokeo marefu ya mapambo ya masikio. Zamani wanawake walitoga matundu kadhaa kwenye ukingo wa sikio ili kuvaa vipuli, na Sayyida Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, aliandika jinsi watoto wa kike wa nyumba ya kifalme ya Unguja walivyotogwa wakingali wachanga. Kwa baadhi ya watu tundu hilo dogo huzaa keloidi, yaani kovu lisilosimama kwenye mipaka ya jeraha lililolizaa, bali huendelea kukua nje yake, likawa gumu, lenye kuwasha na pengine kuuma, na likafikia ukubwa wa tunda dogo. Keloidi huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hujitokeza zaidi baina ya umri wa miaka 10 na 30, na hufuata ukoo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uligundua kuwa waliotogwa baada ya kufika umri wa miaka 11 walipata keloidi mara nyingi zaidi kuliko waliotogwa kabla ya umri huo, jambo linaloipa nguvu desturi ya wazee ya kutoga mapema, na linalopaswa kumfanya msichana wa skuli ambaye mama au dada yake ana keloidi afikirie sana kabla ya kuongeza tundu la pili au la tatu, hasa ukingoni ambako sindano hupita kwenye gegedu.

Keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine, hurudi kwa wagonjwa wengi mno. Maandiko ya kitabibu hutaja kiwango cha baina ya asilimia 45 na asilimia 100, na mara nyingi inaporudi huwa kubwa kuliko ile iliyoondolewa. Ndiyo maana ukataji huambatanishwa na sindano za triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayopunguza utengenezaji wa nyuzinyuzi za kovu, ambazo hudungwa kila baada ya wiki kadhaa, pamoja na gango la kubana. Mgonjwa anayeambiwa kwamba kovu litakatwa na mambo yatakuwa yamekwisha ana haki ya kuuliza ni kitu gani kitafuata, na kama hakuna kitakachofuata, ni afadhali upasuaji usubiri.

Baada ya wenye keloidi, kundi la pili la wanaohitaji gango ni la watoto wanaozaliwa na sikio dogo lisilokamilika, hali inayoitwa mikrotia, ambayo duniani hukadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila watoto 5,000 hadi 10,000 wanaozaliwa, mara nyingi upande mmoja, zaidi upande wa kulia na zaidi kwa wavulana. Njia ya kujenga sikio jipya kwa gegedu la mbavu za mgonjwa mwenyewe iliwekewa misingi na daktari Radford Tanzer wa Marekani, aliyeanza kuitangaza mwaka 1959, kisha ikaendelezwa na wengine, akiwamo Satoru Nagata wa Japani, ambaye njia yake humsubiri mtoto afike umri wa miaka kama 10, na kifua chake kifike mzingo wa sentimita 60, ili gegedu litoshe. Katika hatua ya kwanza gegedu huchongwa umbo la sikio na kuwekwa chini ya ngozi, na baada ya miezi ipatayo sita sikio hunyanyuliwa kutoka kwenye fuvu, na nyuma yake hupandikizwa ngozi iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili. Hatua hii ya pili ndiyo inayohitaji gango kuliko zote, kwa sababu ngozi iliyopandikizwa hujikunja kwa nguvu, na pasipo kizuizi sikio hurudi kulala juu ya fuvu, hata miwani ikakosa pa kushika. Mtoto wa namna hii apimwe usikivu wa masikio yote mawili mapema sana, miaka mingi kabla ya kufikiriwa kisu, maana mara nyingi tundu la sikio upande huo limeziba, na upande uliobaki ndio utakaombeba darasani. Kundi la tatu, la walioungua moto, waliong'atwa au walioumia barabarani, lina mahitaji yanayofanana na hayo, isipokuwa kwamba kwao gango aghalabu huanza kabla ya upasuaji wa kurekebisha, likizuia sikio lililoungua lisigandamane na shingo au kichwa.

Utengenezaji wa gango si siri ya hospitali kubwa. Kwa plastiki inayolainika kwa joto la wastani, fundi hukata kipande, hukitia katika maji yenye joto la baina ya nyuzi 60 na 75, hukikausha, hukiacha kipoe kidogo na kukifinyanga moja kwa moja juu ya sikio lililokingwa kwa chachi, nacho hugumu ndani ya dakika chache. Kwa akriliki, ambayo ndiyo inayotengenezewa meno bandia, huchukuliwa kwanza chapa ya sikio kwa aljineti au silikoni laini, chapa hiyo hujazwa plasta, na juu ya sanamu ya plasta inayopatikana ndipo kifaa huundwa, kikapikwa na kusuguliwa hadi kikawa laini. Silikoni hutumika peke yake kama pedi ya kovu, au kama bitana baina ya plastiki ngumu na ngozi.

Wenye ujuzi wa kazi hii nchini ni wataalamu wa viungo bandia na vifaa tegemezi, ambao chuo chao kilichopo KCMC, Moshi, kilianzishwa mwaka 1981 na kimesomesha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika; lakini sanaa yenyewe, kwa ukubwa huu wa kifaa, iko pia mikononi mwa mafundi wa maabara ya meno na wale wanaotengeneza vipachiko vya vifaa vya kusaidia kusikia, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyezoea magango ya mikono hatashindwa na plastiki ya maji moto. Kwa sababu hiyo familia isikate tamaa inapoambiwa kwamba hakuna fundi wa magango ya masikio Chake Chake, Wete au Mkoani. Swali la manufaa zaidi ni kama hospitali ya karibu ina mtu anayeweza kusugua akriliki iliyochomoza au kulainisha upya plastiki iliyopinda, maana hiyo ndiyo kazi inayohitajika mara kwa mara baada ya upasuaji.

Hitaji la marekebisho hutokana na sikio lenyewe. Linapotoka kwenye chumba cha upasuaji huwa limevimba, na uvimbe hupungua kwa wiki kadhaa, kwa hiyo gango lililokaa barabara wiki ya pili huweza kulegea wiki ya sita, likaacha kufanya kazi huku mgonjwa akiamini kuwa amekingwa. Mgonjwa wa Unguja hurudi kliniki kwa daladala. Mgonjwa wa Konde au Kengeja anapaswa kufika bandarini Mkoani, kuvuka, kulala kwa jamaa na kurudi, na wakati wa kusi bahari ya baina ya visiwa hivi huchafuka kiasi cha kuwafanya wengi waahirishe safari. Kati ya gango zuri kupita kiasi ambalo ni fundi mmoja tu wa Dar es Salaam anayeweza kuligusa, na gango la kawaida linaloweza kutengenezwa upya kisiwani, hili la pili ndilo la kuchagua.

Maandalizi, basi, huanza siku ya kupangiwa upasuaji. Mgonjwa au mzazi aombe magango mawili yanayofanana, ili moja likipotea au kuvunjika lingine livaliwe siku hiyo hiyo. Aombe akabidhiwe sanamu ya plasta ya sikio lake, aifunge kwa kitambaa na kuihifadhi mahali pakavu, kwa kuwa sanamu hiyo humwezesha fundi mwingine kuunda gango jipya pasipo kumgusa mgonjwa wala kumsafirisha. Aombe pia barua inayoeleza upasuaji uliofanywa, aina ya plastiki iliyotumika, saa za kuvaa na tarehe ya kuacha, na kabla ya kuondoka apeleke nakala ya barua hiyo kwa daktari atakayemwangalia Pemba. Kwa upasuaji usio wa dharura, tarehe yenyewe inaweza kujadiliwa: msimu wa karafuu, ambapo nyumba nzima iko mashambani na mtoto huachwa na wadogo zake, si wakati wa kuanza miezi mitatu ya kuvaa kifaa kinachohitaji jicho la mtu mzima kila siku.

Muda wa kuvaa hutofautiana kwa aina ya upasuaji, na neno la daktari aliyepasua ndilo la kufuatwa. Kwa kawaida ngozi iliyopandikizwa nyuma ya sikio hushikiliwa kwanza na pamba iliyoshonewa juu yake kwa siku tano hadi saba, kisha gango huvaliwa usiku na mchana kwa miezi ipatayo mitatu, na baadaye usiku tu hadi mwezi wa sita. Gango la keloidi huanza jeraha likishafunga, mara nyingi wiki moja au mbili baada ya upasuaji, na huvaliwa baina ya saa 12 na 20 kwa siku kwa muda usiopungua miezi sita. Nguvu inayotakiwa ni ile inayozidi kidogo shinikizo la damu ndani ya mishipa midogo kabisa ya ngozi, takriban milimita 24 hadi 30 za zebaki, ili kovu linyimwe lishe ya kukulia. Ikipita 40 ngozi yenyewe inaweza kukosa damu na kufa. Herini za kubana zinazouzwa madukani hazina kipimo hicho na hubana katika nukta moja, kwa hiyo zisitumike badala ya gango bila ya daktari kuziona na kuziwekea vibamba vipana vyenye silikoni. Vishikizo vya sumaku navyo vina tabia ya kubana zaidi kadiri nyama iliyo katikati inavyopungua, hivyo sumaku iliyofaa mwezi wa kwanza huenda ikawa kali mno mwezi wa tatu.

Ukaguzi wa ngozi ndio kazi kubwa ya nyumbani, na hapa maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa wagonjwa wa Ulaya huwapotosha wagonjwa wa Afrika Mashariki, kwa kuwa huwataka watafute wekundu, ilhali kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Mahali panapoumia chini ya gango huonekana peusi zaidi au pa rangi ya zambarau, huwa na mng'aro, huwa pa moto au pagumu kwa kidole kuliko upande wa pili, na maumivu hutangulia mabadiliko ya rangi. Gango livuliwe asubuhi na jioni kwenye mwanga wa jua, sikio liangaliwe mbele na nyuma, na alama yoyote isiyotoweka ndani ya nusu saa ihesabiwe kuwa onyo: gango likae nje mpaka lirekebishwe, lakini marekebisho hayo yafanyike siku hiyo au ya pili yake, si wiki ijayo. Ni vyema kupiga picha kwa simu kila Ijumaa, mahali pale pale na kwa umbali ule ule, kwa sababu badiliko la polepole halionekani na mtu anayeliona sikio kila siku, na picha zinaweza kumfikia daktari wa Unguja kabla ya mgonjwa. Gegedu likionekana jeupe kwenye kidonda, au sikio likivimba, likawa na joto na maumivu makali na kutoa maji yenye harufu, jambo hilo ni la hospitali saa ile ile, kwani maambukizi ya gegedu yanaweza kuliyeyusha sikio lote lililojengwa.

Gango lioshwe kila siku kwa sabuni isiyo na manukato na maji ya kawaida, likaushwe kabisa, lisianikwe juani wala kuachwa dirishani mwa gari, na lile la plastiki lisitiwe kamwe kwenye maji ya moto, kwani litarudi kuwa bapa. Unyevu wa Pemba, hasa nyakati za masika, hufanya jasho likae chini ya kifaa na kuleta vipele. Fundi anaweza kutoboa matundu madogo ya kupitisha hewa, na mgonjwa anaweza kulivua kwa robo saa mara kadhaa kwa siku kama daktari ameruhusu. Mafuta ya karafuu, ambayo yapo katika nyumba nyingi za kisiwa hiki na yanathaminiwa kwa haki kwa maumivu ya jino, yasipakwe kwenye kidonda wala karibu na gango: yakiwa makali huunguza ngozi changa, na baadhi ya plastiki hulainika na kupasuka zikikutana nayo. Mafuta ya nazi hayana ukali huo, lakini hufanya gango liteleze.

Suala la ibada halimo katika maelekezo mengi ya hospitali, ingawa kwa wagonjwa walio wengi wa Pemba ndilo linaloamua kama gango litakaa sikioni au halitakaa. Mtu anayelivua kila udhu hulivua mara tano kwa siku, akalirudisha juu ya ngozi yenye maji, na hapo ndipo ngozi inapolainika na kuchubuka. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa kisiwa hiki, kupaka maji masikioni wakati wa udhu ni sunna, si nguzo, kwa hiyo udhu wa aliyeacha sikio lililofungwa unatimia; na katika josho la faradhi fiqhi ina hukumu zake kwa mwenye bandeji au gango, ambazo huelekeza kuosha sehemu isiyo na jeraha, kupaka maji juu ya kifaa na kutayamamu kwa ajili ya sehemu isiyofikiwa na maji. Gango linalovuka hadi shavuni linahitaji maelezo ya zaidi, kwa kuwa kuosha uso ni faradhi, na mgonjwa atafanya vizuri kumwendea sheikh wake kabla ya upasuaji akiwa na barua ya daktari mkononi, ili aanze matibabu moyo wake ukiwa umetulia.

Ushungi hauzuii gango, na kwa wasichana wengi ni sitara nzuri wanayoifurahia, lakini ule unaofungwa kwa kukaza huongeza shinikizo juu ya lile lililopimwa. Uvaliwe wa kitambaa chepesi, uliolegea upande wa sikio. Kofia ngumu ya bodaboda ndiyo adui mkubwa zaidi, na kwa miezi ya mwanzo ni bora mgonjwa asafiri kwa gari kuliko kuivaa juu ya sikio jipya au kupanda bila kofia. Usiku alalie upande wa pili au chali, na mtoto anayegeuka sana awekewe mto wenye tundu katikati. Kuogelea baharini kusubiri mpaka majeraha yote yafunge na daktari aridhie. Walimu wa skuli na wa chuo cha Kurani waelezwe mapema, na mzazi mwenyewe awaeleze, kwa sababu mtoto anayechekwa kwa kifaa chake hukivua njiani na kukivaa tena anapokaribia nyumbani, na miezi hupita kabla ya mtu kujua.

Ipo pia aina ya gango inayoweza kumwepusha mtoto na upasuaji kabisa, nayo haijulikani inavyostahili. Baadhi ya watoto huzaliwa na sikio lenye sehemu zake zote ila limekunjika, limeinamia mbele au lina ncha isiyo ya kawaida, na kwa kuwa gegedu la mtoto mchanga huwa laini sana katika wiki za mwanzo, kutokana na homoni ya estrojeni aliyoipata kwa mama yake, linaweza kunyooshwa kwa gango dogo la waya laini uliovishwa mpira na kushikizwa kwa plasta ya kubandika, njia ambayo madaktari wa Japani waliieneza katika miaka ya 1980. Matokeo huwa mazuri gango linapoanza kabla ya wiki ya tatu, na hupungua haraka baada ya hapo, wakati desturi humweka mama na mtoto ndani mpaka arobaini itimie, na wageni wakamwona mtoto akiwa amefunikwa kichwa. Takriban thuluthi moja ya masikio yaliyokunjika hujinyoosha yenyewe katika siku za mwanzo, kwa hiyo si lazima kukimbilia hospitali siku ya kuzaliwa; siku ya saba, mtoto anaponyolewa nywele za akika na kichwa chake chote kikawa wazi, ndiyo siku ya kuyatazama masikio yote mawili kwa makini, na lile ambalo bado limekunjika lipelekwe kwa daktari wiki hiyo hiyo, arobaini ikiwa ingali inaendelea.